Ng'ombe wa Ndani

Ujumbe hufika kabla ya maziwa.
Saa kumi na mbili kasoro, Tukuyu imejifunika ukungu,
nawasha kompyuta ya ushirika, napuliza vidole,
na kabla sijaandika lita ya kwanza
kisanduku cha buluu kinabisha hodi:
"Huduma kwa mfumo huu itakoma tarehe 14 Oktoba."
Chini yake vitufe viwili.
Boresha sasa. Nikumbushe baadaye.
Tangu Februari nakumbushwa baadaye.

Mwenyekiti Mwaisumo kasimama mlangoni na gambuti za tope.
"Si inawaka?"
Inawaka.
"Sasa kinachokoma ni nini?"

Nikatafuta jibu lenye pembe na kwato.
Nikamkumbusha bwana mifugo wa kata
alivyostaafu, akakabidhi bomba la sindano na pikipiki.
Kesho yake hakufa hata ndama.
Ng'ombe wakakamuliwa, makopo yakajaa,
tukasema, kumbe.
Miezi minne ikapita ndipo, kwa kina Gwantwa,
mmoja akakataa majani.

Mwenyekiti akatazama gambuti zake.
"Bei gani?"

Ipyana wa steshenari ya stendi
alikuja na flashi shingoni kama hirizi,
akafungua, akagonga, akasonya.
"Dada Tusekile, windo mpya naipiga hata leo,
ila mashine hii haitaibeba. Mnunue nyingine.
Na hiki kiprogramu chenu, nani alikiandika?
Huko hakitaamka."

Lwitiko alikiandika,
masika yale daraja lilipokatika,
kakalia kreti la soda, koti halijamkauka mgongoni:
wanachama mia mbili na kumi na mmoja,
lita za asubuhi, lita za jioni, makato ya pumba.
Na kila ukibonyeza kuingiza
mashine huandika kwa herufi ndogo: ndaga.
Hakuna aliyemwomba aweke hilo.
Nilipomuuliza alisema,
mtu aliyetembea na ndoo kwenye mvua
asipokewe na ukimya.
Sasa yuko Dodoma, namba yake haipatikani,
na alivyokifunga anajua mwenyewe.

Nimepiga hesabu nyuma ya stakabadhi.
Mashine mpya ni lita elfu moja na mia tatu.
Asubuhi nzima, kata nzima, tunakamulia kioo.
Naogopa mwizi asiyeacha nyayo topeni.
Naogopa pia kioo kisafi kisichomjua mama Subilaga.
Na usiku, mvua ikichapa mabati,
sijui lipi kati ya hayo ni uaminifu
na lipi ni uvivu tu wa kujifunza upya.

Tarehe kumi na tatu nilibaki ofisini.
Nikanakili majina yote kwenye kaunta buku,
umeme ukakatika kwenye herufi M
(huku kwetu herufi M haiishi leo wala kesho),
nikaendelea kwa tochi ya simu.
Kisha nikainama chini ya meza
nikachomoa waya wa intaneti.

Sisi wa Rungwe tunalijua hili.
Ng'ombe asiye na chanjo humpeleki mnadani.
Unamweka bandani, unamkatia majani, unamletea maji,
hanusani pua na wa barabarani.
Benki na kiwanda nitawaandikia kwa mashine mpya,
tukiinunua. Mwenyekiti amesema Januari.
Januari ya Mwenyekiti naijua.

Tarehe kumi na tano kisanduku cha buluu hakikuja.
Palikuwa kimya kama kwa jirani aliyehama usiku.
Mama Subilaga akatua ndoo, akakamua maji ya khanga yake.
Lita sita na nusu. Nikabonyeza.
Ndaga, ikasema mashine.
Nikafungua kaunta buku, nikaandika tena kwa wino,
maana shukrani si chanjo.

Aliyefuata akaweka ndoo.